Leseni ya Bi Krantz na Nta Mbichi

Sakafu ya shule yetu inapakwa nta mara moja tu kwa mwaka, mwezi wa Juni, watoto wakishaondoka. Ikishapakwa, hata gavana wa Ohio akitokea mlangoni namwambia azunguke nje. Masaa manne kamili. Si matatu na nusu. Ukikanyaga kabla, alama ya kiatu chako inabaki pale mpaka Juni nyingine, na mimi ndiye ninayeulizwa.

Ijumaa ile nilimaliza mkono wa mwisho kwenye korido ya sayansi saa saba kasorobo mchana. Nikasimama kwenye milango ya jimu, ule ukumbi wa michezo, nimeshika dekio, naangalia kazi yangu inavyong'aa kama ziwa. Hapo mlango wa chumba mia moja na kumi na nne ukafunguka, kichwa kikachomoza.

"Dell."

Nilitaka kulia. Alikuwa Bi Krantz, mwalimu wa kemia.

"Mwalimu, umeingia saa ngapi humo?"

"Saa nne. Nilikuwa natafuta fomu yangu. Wewe mbona hukugonga?"

"Mbona hukuwasha taa?"

"Kuna jua, Dell. Nani anawasha taa kuna jua?"

Huyo ndiye Bi Krantz. Miaka ishirini na sita anafundisha na hajawahi kuwasha taa bila sababu. Nikamwambia akae tu, asome kitabu, saa kumi na moja kasorobo nitamtoa. Akaniambia hawezi kukaa, Gayle anaondoka saa nane.

Hapo nikaelewa, maana hapa Pell Fork hakuna asiyejua habari ya leseni. Leseni za walimu zinakufa tarehe thelathini Juni, yaani Jumatatu. Kabla haijafa, kamati ya walimu watatu inakagua fomu yako, inahesabu saa zako za mafunzo, wawili wanatia saini, kisha Gayle wa ofisini anaituma jimboni kwa akaunti ya wilaya, ambayo nywila yake anayo yeye peke yake. Na Gayle, saa nane kamili, anapanda gari la mumewe, Norm, lenye boti nyuma na haonekani mpaka sikukuu ya tarehe nne Julai ipite.

Mwenyekiti wa kamati ni nani? Bi Krantz mwenyewe. Mwaka huu amekagua fomu arobaini na moja. Nyingine amezirudisha mara mbili, kwa sababu mtu kaandika "masaa kama kumi hivi". Alimfuata mwalimu wa muziki mpaka kwenye maegesho. Amemfuatilia kila mtu, akasahau kwamba hakuna wa kumfuatilia yeye. Fomu yake ilikuwa kwenye droo, imejazwa vizuri, ina saini moja, ya yule mjumbe aliyestaafu Mei akahamia Arizona. Saini ya pili hawezi kujitilia mwenyewe.

"Na ukichelewa?" nikamuuliza, ingawa jibu nalijua.

"Pruitt alikuja juzi na futi," akasema. "Akapima maabara yangu. Ananipimia ukuta mbele ya macho yangu, Dell, ananiambia meza za kompyuta zitaingia ishirini na nne."

Pruitt ndiye mkuu wa wilaya. Anataka kemia ifundishwe kwa video kutoka Columbus, gharama yake ni ndogo. Kumfukuza Bi Krantz hawezi, lakini mwalimu asiye na leseni hahitaji kufukuzwa. Anaandikiwa barua ya mistari miwili tu.

"Madirisha?" nikasema.

"Yanafunguka upana wa kiganja. Wewe ndiye uliyefunga vile vyuma."

Kweli, ni mimi.

"Mlango wa dharura?"

"Uko mwisho wa korido, ng'ambo ya nta yako. Kungekuwa na moto ungeniruhusu nipite?"

"Kukiwa na moto nta imeshaharibika, pita tu."

Hakucheka. Akaniambia nimtafute Kocha Stamper.

Sasa huyo ndiye mjumbe wa tatu, na alikuwa palepale nyuma yangu, jimu, anahesabu mikeka ya mieleka huku anakula sandwichi ya soseji ya bolonya. Nilipomweleza, aliacha kutafuna. Uso wake ukafunguka taratibu, kama wa mtoto aliyeambiwa shule imefungwa kwa theluji.

"Amekwama humo?" akauliza. "Na anataka saini yangu?"

"Kocha, tafadhali."

"Mimi nimesema nini? Nimeuliza tu."

Akaja na sandwichi yake mpaka ukingoni mwa nta. Wakaangaliana, mita sita katikati yao.

"Habari za humo ndani, Mwenyekiti?"

"Rudy, usianze. Dell atakuletea fomu, tia saini, Gayle aitume."

"Sitii saini fomu ambayo sijaisoma. Nani alinifundisha hivyo?"

Nilichukua ule mti mrefu wa kubadilishia balbu, nikaurefusha mpaka mwisho, nikanyoosha. Bi Krantz akabandika fomu kwa utepe kwenye ncha yake, nami nikaivuta polepole juu ya nta, naomba isidondoke. Kocha akaipokea, akafuta vidole kwenye kaptula, akakaa juu ya mkeka. Akasoma. Akasoma tena. Akatoa kalamu, roho yangu ikatulia, kumbe anaitumia kufuatia mistari.

Spika ya ukutani ikakohoa. Gayle. "Jamani, mpenzi wangu Krantz yuko wapi? Ni saa saba na robo. Norm ameshafunga boti."

"Niko mia moja na kumi na nne!" akapiga kelele Bi Krantz. "Nakuja!"

"Haji," akasema Kocha.

"Ana nini?"

"Amezungukwa na nta."

"Ala!" akasema Gayle, akakata.

Kocha akainua kichwa. "Mwenyekiti, hapa mstari wa nne. Semina ya usalama wa kemikali, masaa sita. Nani aliifundisha?"

Kocha akagonga mstari kwa kalamu.

"Nakuuliza kwa wema tu. Mimi nilikuwepo. Nilikaa nyuma karibu na mashine ya kahawa. Mwanamke aliyesimama mbele na miwani ya plastiki alikuwa nani?"

"Mimi," akasema Bi Krantz.

"Aa."

Mimi sikuelewa, lakini nilimwona yule mama anashika fremu ya mlango.

Kocha akanigeukia. "Dell, nikueleze. Miaka minne iliyopita nilileta fomu yangu. Nimeandika saa sita za semina ya huduma ya kwanza, niliyoiendesha mimi mwenyewe, hapa jimu, Jumamosi nzima. Mwenyekiti akairudisha. Nikamuuliza sababu, akaandika kanuni mpya, kamati ikapitisha. Anayefundisha semina hahesabiwi saa za semina hiyo. Ikabidi niende Toledo mwezi wa Februari kukaa kwenye semina ya huduma ya kwanza, naambiwa na kijana mmoja jinsi ya kubonyeza kifua cha mdoli. Siku hiyohiyo binti yangu alikuwa anacheza fainali ya wilaya. Alifunga pointi kumi na tisa. Mimi nilikuwa na mdoli."

"Nilijua kuhusu fainali," akasema Bi Krantz.

"Ulijua?"

"Niliambiwa baadaye. Sikujua la kukuambia."

"Ungesema pole."

"Pole, Rudy."

Kocha alimeza kipande cha sandwichi. "Sawa. Sasa sema kwamba ile kanuni ilikuwa ya kijinga, natia saini, unaenda zako."

Nilifikiri atasema. Mimi ningesema. Kwa leseni ya miaka mitano ningesema hata mbingu ni ya kijani. Bi Krantz aliangalia nta, akaangalia saa ya ukutani, ikawa saa saba na dakika ishirini na tano.

"Haikuwa ya kijinga," akasema. "Ukifundisha kitu unachokijua hujajifunza chochote. Nilijihesabia zile saa sita bila kufikiri, kwa sababu hakuna aliyekuwa ananikagua. Zifute."

"Nikizifuta unapungukiwa."

"Najua kuhesabu."

"Krantz, acha ujinga," nikasema, na ndiyo mara ya kwanza kumwita jina bila Mwalimu. "Nani atajua? Tuko watatu hapa."

"Mimi nitajua, na yeye atajua, na kesho atanikumbusha kila nikirudisha fomu ya mtu. Zifute, Rudy. Chini kabisa kuna kisanduku, 'saa pungufu'. Kitie alama, tia saini."

Hapo hata Kocha alichanganyikiwa. Akasoma kisanduku kwa sauti. Mwalimu aliyepungukiwa anaweza kuomba kibali cha mwaka mmoja, akiapa kwa maandishi kwamba atazifidia, kiapo kitiwe saini mbele ya mwenye muhuri.

Mwenye muhuri wa viapo shuleni kwetu ni Gayle, na muhuri huo hautoki ofisini kwake. Mbele yake, maana yake mbele ya macho yake. Fomu ingeweza kupita kwenye mti wa balbu, Bi Krantz hapana.

Kocha akapiga mstari juu ya zile saa sita, akatia alama, akatia saini. Hakufurahi hata kidogo, nilimwona. Akanipa fomu bila kuniangalia. Kisha wote wawili wakaniangalia mimi.

"Hapana," nikasema.

"Dell."

"Mwalimu, siku tatu nimepiga magoti kwenye hiyo korido. Pruitt anakagua Jumatatu. Ataona nyayo."

"Mwambie ni zangu."

"Ndiyo atafurahi zaidi!"

Spika tena. "Mpenzi, saa saba na nusu. Norm anapiga honi, msikie." Na kweli tuliisikia, mpaka ndani.

Bi Krantz hakunisihi. Alisimama tu pale mlangoni, mikono imening'inia, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na nane mwenye madoa ya asidi kwenye shati. Nyuma yake zilionekana zile meza nyeusi za maabara, na kwenye ukuta alama za penseli za Pruitt.

"Vua viatu," nikasema. "Pita pembeni, karibu na makabati. Hatua ndefu. Usiburute."

Alivua. Akaweka mguu wa kwanza, nta ikalia kama utepe unapobanduliwa. Mimi nikafumba macho. Nilihesabu hatua tisa kwa masikio. Ya tisa aliteleza, nikafumbua macho; akashika kabati, Kocha akarusha sandwichi akanyoosha mikono yote miwili, akamdaka kwenye ukingo na kumvuta kama gunia.

"Kimbia basi," akamwambia.

Alikimbia na soksi zinazonata, anaokota nyuzi za zulia la ofisi njia nzima. Tulipofika, Gayle alikuwa amevaa kofia ya jua na mkoba begani, muhuri mkononi. Na Bi Krantz, honi inalia nje, saa nane kasoro dakika kumi na mbili, alikaa chini akasoma kiapo chote mara mbili.

"Umeandika mwaka vibaya hapa," akamwambia Gayle.

"Mama, nitakuua."

Akarekebisha. Akatia saini. Muhuri ukapigwa, mashine ikasoma karatasi, kwenye skrini pakatokea: *Kibali cha muda. Mwaka mmoja.* Gayle akambusu kichwani akatoweka.

Nilisema hongera. Bi Krantz aliendelea kuangalia skrini. Jina lake lilikuwa pale pamoja na walimu wote wa wilaya walioomba leseni mwaka huu, arobaini na moja wameandikiwa miaka mitano, na yeye mwenyekiti peke yake mmoja, na neno *pungufu* pembeni.

"Pruitt ataiona hii," akasema.

"Ataiona. Lakini kompyuta zake haziingii."

"Mwaka huu."

Kisha akapapasa mifuko yake, akapapasa tena. Funguo za gari, mkoba, viatu, vyote vilikuwa mia moja na kumi na nne. Akaniangalia.

"Masaa manne, Mwalimu," nikasema. "Na kwa ajili yako yanaanza upya, maana narudia ule upande wa makabati."

Akaenda kukaa kwenye benchi la nje ya ofisi, lile wanalokaa watoto wanaosubiri kuadhibiwa. Kocha akakaa upande wa pili, akiacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Septemba nina semina ya huduma ya kwanza," akasema akiangalia mbele. "Jumamosi, saa moja asubuhi. Masaa sita kamili. Ukichelewa dakika kumi sikuandikii."

"Sitachelewa."

"Kuna mdoli."

"Nimesikia, Rudy," akasema Bi Krantz, akaanza kubandua nyuzi za zulia kwenye soksi, moja moja.