Mtama wa Mama Pacha

Mimi ni mtu wa mahindi. Nimeolewa nikilima mahindi, nimezaa nikilima mahindi, na mwanangu amekuwa fundi mwashi kwa mahindi hayo hayo. Kwa hiyo mkewe, Mama Pacha, aliporudi kutoka kwenye kikundi chao cha wakulima na kilo nne za mbegu ya mtama wa mradi, ule unaovumilia ukame, nilimwambia wazi, "Mimi si kuku."

Akacheka. Huyo binti ukimsema anacheka, unabaki na hasira zako mwenyewe. Tukagawana shamba: juu mahindi yangu, chini mtama wake.

Mvua ikanyesha mara mbili, ikatuaga. Mahindi yangu yakakunja majani, nami nikawa mkali kwa kila mtu, hata kwa mbuzi. Kumbe ulikuwa woga. Ukame uliopita chakula kilituishia, tukafunga nguo za wajukuu wangu pacha, tukawapeleka kwa bibi yao mzaa mama. Miezi minane! Waliporudi, yule wa kike alinisalimia kama mgeni, akajificha nyuma ya mama yake. Nililia siku nzima. Safari hii mwanangu alikwisha zungumza na yule bibi: shule zikifungwa, anakuja kuwachukua, isipokuwa kama mtama utatuokoa.

Mtama ukasimama, ukatoa masuke. Asubuhi moja Mama Pacha akaitwa kwenye kikundi, wapange kuuza pamoja kwa mwenye mashine ya kusaga.

"Mama, naomba uamie mtama, uwafukuze ndege mpaka nirudi. Usiache shamba hata kidogo."

"Nimeanza kulima hujazaliwa," nikamjibu.

Nikakaa. Ndege wawili watatu tu. Mimi na kufukuza ndege, wapi na wapi? Hindi lina koti lake, limejifunika tabaka kwa tabaka. Mtama uko uchi, punje nje nje, na wakati ule zilikuwa bado laini, zina maziwa. Hilo sikulifikiria. Nikapanda juu kuyaangalia mahindi yangu, nikashika jembe, nikaanza kupalilia mimea iliyokwisha kufa. Jamani, ukaidi!

Niliposhuka, upande wa bondeni ulikuwa umejaa ndege. Nilipiga kelele, nikarusha kanga, nikarusha kandambili. Waliondoka wamemaliza mistari kumi na miwili, masuke yamebaki makapi. Nikakaa chini kwenye udongo. Niliona nguo za pacha zinafungwa tena, na mara hii kwa kosa langu.

Mama Pacha akanikuta hapo. Mimi sikuwa mtu wa kuomba radhi. Marehemu mume wangu alikufa akiisubiri yake.

"Niliondoka," nikasema. "Nilikwenda kwa mahindi yangu. Nisamehe, mwanangu."

Safari hii hakucheka. Alipita mistari yote, akarudi macho mekundu. "Yaliyobaki yanatosha, mama. Lakini lisipotee hata suke moja."

Halikupotea. Wiki nne nilifika shambani kabla ya jua, nikipiga debe na kufoka mpaka sauti ikanikauka. Majirani wakaniita Bibi Debe, nami nikawaitikia.

Tukavuna magunia saba. Mawili tukauza, tukalipa ada ya shule, tukanunua mafuta na sabuni. Matano yakaingia ndani, na mimi ndiye niliyeyapanga, nikiyagusa moja moja. Nilikataza mtu yeyote asimpigie simu yule bibi. Nilitaka aje.

Shule zikafungwa, akaja. Alikuwa amekonda, maskini. Kwao nako walipanda mahindi tu, na bado alikuwa amekuja kujiongezea matumbo mawili ya kulisha. Nikampokea mzigo, nikamkalisha, nikampakulia ugali wa mtama nilioupika kwa mikono yangu. Pacha wakambana huku na huku.

"Mkwe wangu," nikamwambia, mwanangu na mkewe wakisikia, "watoto hawaendi popote. Na wewe huondoki hapa mpaka mvua inyeshe."

Akaliweka tonge chini. "Nitakushukuruje, mama?"

"Mbona unishukuru mimi? Mimi nililisha ndege. Anayetulisha sisi sote hapa ulimzaa wewe, na mimi sijawahi kukwambia ahsante."

Nikamwambia. Kisha nikamwongezea ugali.