Baiskeli Yenye Alama ya Ng'ombe

Tangu ajue kusoma, Milembe alikuwa hapiti penye maandishi bila kusimama. Alisoma magunia ya mbegu, alisoma vipande vya sabuni, alisoma mlango wa lori lililomwachia vumbi usoni. Kwa hiyo siku ile ya Novemba 1975 alipokwenda Bariadi mjini kununua chumvi, alisimama mbele ya ubao wa matangazo nje ya ofisi ya vitu vilivyookotwa, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akaanza kukisogeza polepole kama mtu anayeswaga ndama.

Tangazo lilisema baiskeli kumi na moja zisizo na wenyewe zitauzwa kwa mnada wa hadhara Jumamosi ya wiki ijayo. Mwenye mali aje na stakabadhi. Chini yake ilikuwapo orodha. Kidole kilishuka hadi namba saba, kikakwama.

"Nyeusi, ya kiume, keria kubwa, kiti cha ngozi kimechanika ukingoni mara tatu."

"Hakikuchanika," Milembe alisema kwa sauti, peke yake, mpaka mpita njia mmoja akageuka. "Kilikatwa."

Aliyekikata alikuwa marehemu mumewe, Machibya. Siku alipoileta baiskeli nyumbani, kabla hata ya kuipanda, alikaa chini na kisu akakata ukingo wa kushoto wa kile kiti: mikato miwili ya karibu karibu, na mmoja wa mbali. Ndivyo alivyokata masikio ya ndama wake, na ndivyo baba yake alivyokata. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Machibya hakujali. "Ikipotea," alisema, "atakayeiona ataniona."

Milembe aliingiza chumvi kwenye kikapu, akaingia ofisini.

Karani alikuwa kijana mwembamba aitwaye Anatoli, mwenye kalamu tatu mfukoni na mhuri mbele yake.

"Mwangaluka, baba," Milembe alimwamkia.

"Mwangaluka, mama. Una shida gani?"

"Nimekuja kuchukua baiskeli yangu. Namba saba."

"Stakabadhi."

"Niliichomeka kwenye nyasi za paa. Paa likabomolewa mwaka jana, siku ya operesheni, tulipohamishwa Migato kwenda kijiji kipya. Sikupewa muda wa kupanda juu kuitafuta."

"Basi una uthibitisho gani?"

"Kiti chake. Kina alama yetu, ya ng'ombe wetu."

Anatoli alicheka. Hakuwa na ubaya usoni. Alicheka kama mtu aliyesoma, anayeona jambo dogo. "Mama, baiskeli siyo ng'ombe."

"Najua. Ng'ombe angekwisha kurudi nyumbani mwenyewe."

Kijana alifungua daftari. "Hii iliokotwa kwenye nyumba isiyo na watu, kando ya barabara. Wewe unasema ulikuwa unakaa upande wa Migato. Ilifikaje huko?"

Milembe alimweleza. Siku ya kuhamishwa, lori lilijaa vyungu, kuku na wazee, baiskeli ikakosa nafasi. Akamwekesha Mahona, rafiki wa mumewe, kama ambavyo mtu humwekesha mwenzake ng'ombe: unampa akutunzie, siku ukihitaji unakwenda kuchukua. Baada ya wiki Mahona naye akahama na mifugo kwenda Lingeka, upande wa Meatu, ambako ni mbali, akamwekesha Shija. Shija naye siku lori lilipomfuata alikuwa joshoni akiogesha ng'ombe. Aliporudi alikuta mkewe na watoto wamekwisha kupakiwa, akarukia lori likiwa linaondoka. Baiskeli ikabaki imeegemea ukuta.

"Na mlipowekeshana mliandikishana wapi?" Anatoli aliuliza.

"Mtu anaandikishana na rafiki yake?"

"Ndiyo maana vitu vinapotea."

"Havikupotea. Nyumba haikuwa na watu kwa sababu watu walipakiwa kwenye lori. Mkatoa watu, mkaja kuokota vilivyobaki, halafu mnauliza mwenyewe ni nani."

Anatoli aliandika mistari mitatu kwenye karatasi, akaisogeza pamoja na kidau cha wino. "Weka kidole hapa, mama, tumalize."

Milembe hakuweka kidole kwenye wino. Alikiweka kwenye neno la kwanza. Kijana alitazama dirishani, akatazama saa, akatazama tena dirishani. Kidole kilifika mwisho.

"Hapa umeandika kwamba nakiri sina uthibitisho, na sitadai tena."

"Ni maneno ya fomu tu hayo."

"Basi fomu iweke kidole chake," Milembe alisema, akachukua kikapu chake akatoka.

Si kwamba alizoea kujibizana na watu wa ofisi. Lakini mvua zilikuwa zimeanza, na shamba lake la pamba lilibaki kule kule Migato, kwenye udongo mweusi ambao Machibya aliulima mpaka mgongo ukapinda. Kijiji kipya kilimpa kiwanja na jirani wa kila upande. Shamba hakikumpa la maana. Kwa miguu, kufika Migato kulikula asubuhi nzima, na kurudi kulikula jioni. Ukitoa hizo, siku haibaki na saa za kushika jembe. Kwa baiskeli angefika umande haujakauka. Mwaka jana alikosa kupanda. Akikosa na mwaka huu, lile shamba lingekuwa pori, na pori hupewa yeyote aliombaye.

Kesho yake alipanda lori la ng'ombe lililokuwa linarudi tupu upande wa Meatu, akamalizia kwa miguu. Alimkuta Mahona anakamua. Alipomaliza kusikiliza, mzee yule alimwaga maziwa ya kibuyu kizima bila kukusudia.

"Niliyewekeshwa ni mimi, mayu, mama yangu," alisema. "Shija hukumpa wewe, nilimpa mimi. Aibu ni yangu." Akachukua fimbo yake na blanketi, wakaondoka pamoja siku ile ile kwenda kwa Shija, kumwomba aje kutoa ushahidi.

Shija ndiye aliyekataa. Alikuwa amejengewa kando ya ofisi ya kijiji, na alizungumza nao kwa sauti ya chini huku akichungulia nje.

"Nikienda kusema walipakia watu wangu nikiwa sipo, wataniambia napinga vijiji."

"Hakuna anayekuomba upinge kijiji," Mahona alimwambia. "Sema tu kwamba nilikupa baiskeli."

"Niacheni, ndugu zangu. Nina watoto."

Wakamwacha. Njiani Mahona alitema mate mara mbili, na hakumtaja tena.

Jumamosi ile uwanja wa mnada ulijaa mapema. Wengi walikuwa wafugaji waliokuja kuuza mbuzi na kuangalia dunia. Dalali aliitwa Mashaka, mtu wa maneno mengi, mwenye kengele ya shule mkononi. Mbele kabisa, juu ya sanduku lililogeuzwa, alikaa Athumani mwenye duka la vipuri, kofia yake nyeupe imenyooka. Kila mnada Athumani alinunua baiskeli karibu zote, akazipaka rangi, akawauzia watu wale wale waliosimama nyuma yake. Namba moja hadi sita zilikuwa zake tayari.

"Namba saba!" Mashaka alipiga kengele. "Hii ni fahali, jamani! Keria ya kubebea hata mama mkwe!"

Milembe alipita katikati ya watu, akafika, akakaa juu ya ile keria.

"Mama," alisema Mashaka, "tunauza baiskeli, hatukuuzi wewe."

Uwanja uliangua kicheko.

"Na mimi siuzi baiskeli," Milembe alijibu.

Kicheko kikarudi tena, safari hii kikimwelekea Mashaka. Anatoli alisimama na daftari lake kifuani. "Mama, shuka. Suala lako lilikwisha ofisini. Huna karatasi."

"Dalali, endelea," Athumani alisema, akainua mkono. "Naanza mimi."

"Bwana Athumani ameanza! Nani anaongeza?"

Milembe aliona kwamba akinyamaza sasa, basi imekwisha. Hakujua kuhutubia. Sauti yake ilitoka nyembamba, lakini watu walinyamaza wamsikie.

"Mimi ni mke wa marehemu Machibya. Baiskeli hii nilimwekesha Mahona, huyu hapa. Alama ya ng'ombe wetu iko kwenye kiti, njooni mwone. Wanasema siyo yangu kwa sababu sina karatasi. Sawa. Nawauliza ninyi mliosimama hapa. Nani hana ng'ombe kwenye zizi la mwenzake?"

Wanaume waliegemea fimbo zao.

"Nani kati yenu ana karatasi ya ng'ombe huyo? Ainue, niione, nishuke."

Mzee mmoja alisogea, akainama, akapitisha kidole gumba kwenye ule ukingo wa ngozi: mkato, mkato, halafu nafasi, halafu mkato. Alisimama wima. "Huyu ni wa Machibya," alisema, kama vile anamtaja ndama. "Masikio haya nimeyaona joshoni miaka yote."

"Alama si ushahidi," Anatoli alisema, lakini kwa sauti ya kuomba. "Na hata kama Mahona alipewa, iliokotwa kwa mtu mwingine kabisa."

"Kwangu."

Watu waligeuka. Nyuma kabisa, karibu na mbuzi, Shija alikuwa ameinua fimbo yake. Haikujulikana alifika saa ngapi. "Iliokotwa kwangu," alisema. "Nilipewa na Mahona. Sikuiacha kwa kutoitaka. Niliiacha kwa sababu lori halikunisubiri. Anayetaka kuniandika, aniandike."

Mahona hakumtazama, ila alisogea kidogo kumpa nafasi ya kusimama.

Mashaka alikohoa, akajaribu kurudisha mnada kwenye mkono wake. "Haya, tumesikia. Dau la Bwana Athumani lipo. Nani anaongeza? Mara ya kwanza..."

"Athumani!" sauti moja iliita kutoka umatini. "Jumatatu ukifungua duka, utajiuzia mwenyewe?"

"Atakula zile spoku zake!" mwingine akadakia.

"Mkono wako uko juu bado, kaka. Umekauka?"

Athumani alitazama nyuma. Aliwajua wote; aliwajua kwa majina, kwa mashamba, kwa vipuri walivyochukua. Polepole mkono ulishuka, ukapitia kwenye kofia.

"Dau gani?" alisema. "Nilikuwa najikuna kichwa."

Hata Milembe alicheka. Mashaka akaita mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kila mara uwanja ulikuwa kimya hata mbuzi wakasikika wakitafuna.

"Haikupata mnunuzi," Anatoli alitangaza, huku amekunja uso. "Kwa kanuni inarudi stoo hadi mnada ujao."

"Lini?"

"Baada ya miezi sita."

"Pamba hainisubiri miezi sita." Milembe alishuka kwenye keria, akashika usukani kwa mikono miwili. "Stoo yenu imejaa panya, mwanangu, watamaliza ngozi ya kiti. Niwekesheni mimi. Miezi sita ikifika nitaileta hapa hapa, mtapiga kengele tena, tuone nani atainua mkono."

"Kukuwekesha wewe?" Anatoli alishangaa. "Kwa dhamana gani?"

"Mahona, Shija, na uwanja huu wote. Sisi tunawekeshana kwa mtu mmoja tu. Wewe nakupa watu mia."

Kijana alitazama kanuni zake, ambazo hazikusema stoo lazima iwe na mlango. Alitazama wale watu, ambao hawakuwa wanaondoka. Kisha akaandika kwa muda mrefu. Alipomaliza, mkono wake ulielekea kwenye kidau cha wino, ukasita, ukarudi, ukamtolea Milembe kalamu.

Alisoma kwanza. Alisoma kila neno kwa kidole, na mnada mzima ukamngoja, Athumani akipiga miayo juu ya sanduku lake. Ndipo akaandika jina lake, herufi moja moja, na pembeni yake akachora mikato miwili ya karibu na mmoja wa mbali.

"Hiyo ya nini?" Anatoli aliuliza.

"Daftari likipotea, atakayeliona ataniona."

Matairi yalikuwa hayana upepo. Fundi wa Athumani aliyajaza bila kuambiwa, na bosi wake alijifanya hakuona. Milembe alikunja kitenge, akavusha mguu juu ya bomba la baiskeli ya kiume, na mwanamume mmoja alipoanza kucheka, mzee aliyegusa kiti alimtazama tu, akaacha. Jumatatu ilimkuta Migato umande haujakauka, mbegu kwenye keria, jembe limefungwa kwa kamba.

Mnada uliofuata ulikuwa mwezi wa Mei. Milembe aliileta baiskeli kama alivyosema, imesuguliwa, na nyuzi za pamba ya kwanza zimenasa kwenye mnyororo. Mashaka alipiga kengele, akaita mara tatu. Athumani alikuwa mbele juu ya sanduku lake, mikono yote miwili ameikalia, na katika uwanja mzima hakuna mtu aliyethubutu kujikuna.