Mshono Usioonekana

Mtaani walimwita Baba Mageti, na jina hilo hakupewa kwa hisani. Ukitoka nyumbani kwake ukielekea sokoni, karibu kila geti unalolipita ni kazi ya mkono wake, na yeye mwenyewe hangekuacha upite hivi hivi. Angekushika kiwiko, akusimamishe mbele ya nyumba ya watu, akuambie upitishe kidole pale bomba lilipoungana na bomba. "Umeona kiungo? Hujaona. Sasa hiyo ndiyo kazi." Mafundi wengine wakishachomelea huacha mshono umevimba kama kovu, na Baba Mageti aliona hiyo ni aibu ya mchana kweupe. Yeye alichomelea, akachukua grenda, akausaga mshono mpaka ukalala sawa na chuma kingine, akapiga msasa na rangi. Wateja walimpenda kwa hilo, na yeye alijipenda kidogo pia.

Tabu yake ni kwamba hakuishia kwenye mageti. Bomba la jikoni likivuja, ni yeye. Redio ikikwaruza, ni yeye, na baada ya yeye haikukwaruza tena wala kusema neno. Mke wake alimcheka tu. Alikuwa mwanamke wa kicheko cha karibu, na kwa miaka mingi hakukuwa na hasara ambayo kicheko hakingeibeba.

Mke huyo alikuwa msusi, na sifa zake zilivuka mtaa. Saluni hakuwa nayo. Alikuwa na gari dogo la otomatiki, na kwa gari hilo aliwafuata maharusi kwao, wagonjwa vitandani, na vikongwe waliotaka kusukwa wakiwa kwenye viti vyao wenyewe. Kisha ugonjwa ukamshika uti wa mgongo, na alipotoka hospitali miguu yake ilikuwa imekufa kabisa. Vidole vilibaki na wepesi wao ule ule. Aliweza kumaliza kichwa cha mtu huku anapiga soga, macho yake yakiwa dirishani.

Kilichomuuma ni kupelekwa. Kila safari ilibidi amngoje mume amalize geti la watu, aje ambebe, amtie garini, amshushe huko kama gunia, halafu amfuate kwa saa anayoijua yeye. Wateja nao ni watu, wakichelewewa wanatafuta mwingine.

"Sikuombi miguu," alimwambia mumewe siku moja wakiwa jikoni. "Nataka kwenda mwenyewe. Nikitaka kutoka, nitoke. Basi."

Baba Mageti alisikia moyo unamkatika. Alimpenda mke wake kwa namna ya wanaume wa aina yake, yaani kwa mikono, na mikono ilikuwa tayari imeanza kuwasha. "Utaendesha," akasema. "Nitakutengenezea."

Mdogo wa kiume wa mkewe alikuwa fundi magari, mtu mpole asiyependa mabishano. Alipopata habari alikuja jioni, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akazunguka zunguka na habari za kazi na afya kabla hajalifikia lililomleta.

"Shemeji, kuna watu kazi yao ni hii tu, kufunga vifaa vya kuendeshea kwa mkono. Wana vyuma vyake, na wanavipima. Tungewaita."

"Watakuja lini?"

"Wana foleni. Dada atangoja kidogo."

"Amengoja vya kutosha. Chuma ni chuma, shemeji. Wewe shughulika na oili yako."

"Basi hayo mengine fanya. Ya breki niachie mimi. Au niitazame tu, kabla dada hajatoka nayo barabarani."

"Unataka kunikagua?" Baba Mageti aliuliza, halafu akacheka ili lipite. Shemeji naye akacheka, maana mume wa dada yako humng'ang'anii sebuleni kwake. Alimaliza chai yake, akaaga, akaondoka.

Kazi ilikwenda vizuri, na hilo lazima lisemwe. Alitengeneza fimbo ya chuma iliyotoka kwenye pedeli ya breki ikaja hadi kando ya usukani: ukiisukuma mbele, gari linasimama. Kwa mafuta alifunga waya na kishikio kidogo cha kuvuta kwa kidole. Fimbo aliichomelea kwenye pedeli kwa mshono mnene, wenye mabonge, uliong'ang'ania pande zote. Ulikuwa mbaya wa sura, na ulikuwa na nguvu.

Angeuacha hapo. Lakini hili lilikuwa gari la mke wake, na kama kuna kazi aliyotaka ipendeze kuliko zote, ni hii. Akawasha grenda. Alisaga mpaka bonge la mwisho likaisha, akapaka rangi nyeusi, akapitisha kidole. Hakuona kiungo. Hakuna aliyekuwepo wa kumwambia kwamba geti hufunguliwa asubuhi na kufungwa jioni, na breki husukumwa siku nzima, na kwamba alichokifuta kwa ajili ya urembo ndicho kilichokuwa kimeshika.

Siku ya kwanza majirani walitoka kutazama. Mkewe alizunguka uwanja, akatoka nje ya geti, akafika kona, akarudi uso umelowa machozi na kicheko kwa pamoja. "Baba, funga mkanda," alimwambia. "Dereva wa leo hana masihara." Wiki zilizofuata alikwenda alikotaka. Alisuka maharusi wawili. Akirudi nyumbani alipiga honi ndefu isiyo na sababu, na Baba Mageti akiwa katikati ya cheche zake alijisikia mwanamume kuliko wote duniani.

Kisha ikaja alasiri moja ambayo Baba Mageti aliomba lifti kwenda kununua mabomba. Mkewe alikuwa anamtania njia nzima, anamwambia abiria hawaruhusiwi kumpa dereva maelekezo. Kwenye mteremko wa kushukia sokoni alisukuma fimbo. Kitu kikalia chini huko, mlio mdogo tu, na fimbo ikaenda mbele bila uzito wowote.

"Baba," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Haishiki."

Baba Mageti aliinama akatazama. Alichokiona hakitamtoka mpaka afe: unyayo wa mke wake ulikuwa umelala pale pale ubavuni mwa pedeli ya breki, ndani ya kiatu alichomvalisha yeye asubuhi, na ulikuwa haumsikii mtu. Alijaribu kuupitisha mguu wake, ukakwama. Alivuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote. Gari likayumba, likageuka ubavu, likaugonga ukuta wa ghala kwa upande wa dereva. Mkono wa kulia wa mkewe ulikuwa bado unasukuma fimbo.

Baba Mageti alitoka na mikwaruzo. Daktari alisema mifupa ya mkono ule itaunga, ila mishipa ya fahamu imekatika, na vidole havitarudi kufanya kazi.

Baba Mageti alikwenda gereji kwa shemeji yake peke yake. Shemeji alikuwa ameshaitoa ile fimbo, akaiweka mezani. Ilikuwa imeachia pale pale kwenye kiungo.

"Uliusaga mshono," shemeji alisema.

"Niliusaga."

"Mimi nilikuonea haya, shemeji. Ni dada yangu, nikaona haya." Alifuta mikono kwa kitambaa, na akaendelea kuifuta hata ilipokwisha kuwa safi. Baba Mageti alitamani atukanwe, hakutukanwa.

Nyumbani, nywele za mkewe zilikuwa zimekaa ovyo tangu hospitali. Zamani alijisuka mwenyewe kwa kupapasa tu. Baba Mageti alimwosha kichwa, akampaka mafuta, akakaa nyuma yake na kitana. Aligawa mstari, ukapinda. Aligawa tena. Mkewe aliinamisha kichwa, akavumilia kuvutwa.

"Nitajifunza," mumewe alisema.

"Usijifunze," mkewe akajibu.

Baba Mageti aliweka kitana chini. Alikaa akiitazama mikono yake mwenyewe, ile minene yenye alama za moto. "Kweli," akasema mwishowe. "Hii kazi siiwezi. Nimwite nani?"

Mkewe aliwapitia moyoni mmoja mmoja wasusi wote aliowazidi. Kisha akamtaja binti wa nyumba ya pale kona, msusi mchanga ambaye mistari yake alikuwa akiicheka.

Binti alikuja na woga wake, akauliza mara mbili kama ni kweli yeye ndiye aliyeitwa. "Suka tu, mwanangu," mke alimwambia. Baba Mageti alisimama mlangoni, hana la kufanya. Alimwona mke wake analia, machozi yanashuka mpaka kidevuni, na kichwa amekishikilia sawa, asimharibie msusi mstari.