Mwachie Miguu

Bibi Nenkai alikuwa amemshika mjukuu wake vifundo vya miguu kwa mikono miwili, kama ashikwavyo ndama anayetiwa chapa. Nashipae, mwenye miaka saba, alikuwa amelala kwenye kiti cha daktari wa meno pale Same mjini, shavu limevimba, macho hayabanduki kwenye trei ya vifaa. Siku tatu hajaonja kitu zaidi ya maziwa. Usaha ulikuwa umeanza kushuka tayani, na wakishindwa leo, safari ni ya Moshi, akalazwe.

Wiki iliyopita walishindwa. Mhudumu wa zahanati nyingine alimwambia mtoto kwamba sindano haiumi hata kidogo, kisha akamchoma ghafla. Nashipae alimng'ata kidole akachomoka mbio, na Nenkai akabaki na aibu iliyomkaa rohoni. Yeye, akiwa na umri uo huo, shangazi zake wanne walimkandamiza chini akang'olewa meno mawili ya mbele kwa kisu, kama ilivyokuwa desturi, na hakutoa sauti. Baba yake akampa mtamba wa ng'ombe kwa ushujaa huo. Pengo lile alilibeba kama wengine wanavyobeba cheti, na leo alikuja mwenyewe kutoka nyikani, kumshika mjukuu.

"Mwachie miguu, bibi," alisema Koleta, daktari.

"Nikimwachia atakukimbia. Humjui huyu."

"Akikimbia tutamfuata. Mwachie tu."

Nenkai aliachia kwa shingo upande.

Koleta alimpaka mtoto dawa ya ganzi ufizini kwa pamba, akangoja. Muda wote huo alikifumbata kiganjani kichupa cha dawa ya sindano ili kipate joto. Nenkai hakuwahi kuona daktari asiye na haraka.

"Nashipae, sitakwambia haitauma. Utasikia kama umebanwa kidogo. Ukiinua mkono, nasimama."

Mtoto akainua mkono papo hapo, sindano haijafika hata mdomoni. Koleta akasimama. Mkono ukashuka, Koleta akasogea, mkono ukapanda. Akasimama tena.

"Anakuchezea," alisema Nenkai. "Atakupanda kichwani."

"Ananipima, bibi. Acha anipime."

Mara ya nne mkono haukuinuka. Koleta alilitikisa shavu taratibu kwa vidole ili mchomo usisikike sana, sindano ikaingia, dawa ikaanza kushuka polepole. Katikati, mkono ukapanda. Nenkai alijua kinachofuata, maana mtu mzima aliyekwisha kuanza hasimami. Koleta akasimama. Kidole chake hakikusogea hata unywele, na chumba kizima kikamngoja mtoto wa miaka saba. Kisha mkono ule ukashuka wenyewe, bila wa kuushusha.

Nenkai aliduwaa. Alikuwa amezaa watoto wanane na kuzika wawili, amepishana na simba hatua kumi, lakini mkono mdogo kiasi kile ukisimamisha kazi ya mkubwa hakuwahi kuuona. Shangazi zake walimpenda, hilo halikuwa na shaka. Lakini siku ile mikono yake ilikuwa chini ya magoti yao. Alisifiwa maisha yake yote kwa jambo ambalo hakuna aliyemuuliza kama alilitaka, na sasa alijikuta akimwonea huruma mtoto yule wa zamani, na huruma yenyewe ilimtia hofu.

Jino lilitoka. Nashipae, pamba mdomoni, aliomba kwa ishara alione, akaligeuzageuza kiganjani kwa fahari.

"Na wewe bibi," alisema Koleta akivaa glavu mpya, "tukuangalie? Kuangalia tu, kwa kioo."

Nenkai alisita, akakusanya shuka yake, akapanda kitini. Alifumbua mdomo. Kioo kilipokaribia midomo, akainua mkono.

Koleta akasimama.

"Panauma, bibi?"

"Hapaumi," alisema Nenkai, mkono ungali juu. "Kaa hapo hapo kidogo."