Chumba cha Nyuma cha Nyumba ya Mizani

Mwalimu Scola alikuwa amestaafu miaka minne alipoombwa aandike historia ya Nyumba ya Mizani, nyumba kongwe ya mnunuzi wa pamba iliyoko Nyalikungu, mjini Maswa. Kamati iliyoikarabati ilitaka maneno ya kuweka kwenye kibao ukutani. Alizunguka kwa wazee miezi miwili, na aliyemfaa kuliko wote ni Mzee Maduhu, mwenye miaka themanini na sita. Zamani za ukoloni, Maduhu alimwambia, mkulima aliyechelewa kung'oa na kuchoma miti ya pamba baada ya mavuno alifungiwa chumba cha nyuma cha nyumba ile akachapwa viboko. Baba yake, Luhende, alitolewa humo amebebwa.

Scola aliandika yote. Siku ya uzinduzi alimpitia mzee kwa bajaji, akiwa amevaa kitenge chake kipya.

Kitambaa kilipovutwa, alisoma kibao akadhani amekosea mstari. "Hapa wakulima walipokelewa kwa furaha, wakapimiwa pamba yao na kunywa chai." Chini yake: Imeandikwa na Mwl. Scola.

Akamfuata Januarius, mwenyekiti wa kamati.

"Chai mmeitoa wapi?"

"Mwalimu, wageni hawaji hapa kulia," Januarius alisema huku akichokoa meno. "Tumelainisha kidogo tu. Karibu chakula."

Chakula kilikuwa kimepangwa chumba cha nyuma. Kuta zilipakwa rangi ya waridi, na mtu alikuwa amepulizia manukato kuficha harufu ya kinyesi cha popo. Harufu mbili zile zilichanganyikana na mafuta ya pilau, Scola akaziba pua kwa pindo la kitenge. Kando ya dirisha kilining'inia kiboko chenyewe, kimefungwa utepe mwekundu. Wageni walipanga foleni wapige nacho picha. Bwana mmoja mnene, Paschal, alikishika kwa mkono uliojaa mafuta ya kuku, mwenzake akainama na kubinua makalio, simu zikainuliwa. Watu walicheka mpaka punje za wali zikawaruka midomoni. Scola akasukuma sahani yake pembeni.

"Mzee, wewe ni wa enzi hizo," Paschal alimwita Maduhu. "Kilikuwa kinashikwaje?"

Maduhu alikipokea. Akafuta mafuta kwa pindo la koti lake, akajizungushia ukanda wa kile kiboko mara mbili kwenye kifundo cha mkono, akarudisha mguu wa kulia nyuma. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anayeshika jembe lake. Kicheko kikakatika. Mzee akakiweka mezani katikati ya mifupa ya kuku.

"Twende, mayu," alimwambia Scola, akimwita mama kwa Kisukuma.

Walitembea polepole, Scola amemshika mkono asijikwae.

"Sikukumalizia habari," Maduhu alisema. "Baba alichapwa mwaka mmoja. Mwaka uliofuata walimwajiri. Yeye ndiye akawa anachapa wenzake. Jioni alikuwa ananionyesha namna ya kukishika, kwa kamba ya ng'ombe. Nyumbani kwetu tulikula wali wakati majirani wanakula mlenda mtupu."

Scola aliuachia mkono ule. Hakuamua, vidole vilifunguka vyenyewe. Mzee akaendelea kutembea peke yake akiyumba. Scola alipofika kwake alinawa kwa sabuni mara mbili, na alipokuwa anaanza mara ya tatu akatambua anachofanya. Kinyaa chote cha siku ile kikamgeukia yeye mwenyewe.

Siku tatu baadaye alirudi kwa mzee na daftari.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Uliniachia mkono."

"Nilikuachia. Nilisikia kinyaa. Nisamehe."

"Hata mimi nilimwonea kinyaa baba yangu," Maduhu alisema. "Na wali wake nilikula. Kaa uandike."

Zilitoka kurasa nne, jina la Luhende likiwamo pande zote mbili: aliyechapwa na aliyechapa. Scola alizipeleka kwa Januarius, naye akajibu kwamba kibao hakina nafasi. Basi Scola akadai jina lake lifutwe, akasimama palepale mpaka fundi akaja na brashi akalifuta. Maneno ya chai yalibaki, na picha za kiboko zinaendelea kupigwa kila Jumamosi.

Nakala ya kurasa zile alimpelekea Maduhu. Mzee hajui kusoma, kwa hiyo aliwaita watoto na wajukuu wakae sebuleni, Scola awasomee. Alipofika kwenye majina ya majirani waliochapwa na Luhende, Felisita, binti mkubwa wa mzee, alisimama.

"Mambo haya machafu ya nini, baba? Babu yetu amekufa!" Akatoka akabamiza mlango.

Wengine walibaki wameketi, macho sakafuni. Maduhu alisubiri mpaka nyayo za bintiye zikapotea uani.

"Endelea, mayu," alisema. "Bado majina sita."