Mibofyo Mia Nne ya Tangi

Ukitaka kumfahamu Sheila Nyangau, jua kwanza kwamba alikuwa na siku mbili tu za kuokoa kibarua chake. Bwana Subhash, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, alimwajiri kwa miezi mitatu amtengenezee tovuti, na mapatano yalikuwa wazi: Ijumaa ikifika bila dalili kwamba watu wanaitumia, unga umemwagika, na Sheila arudi Magwagwa kuchuma chai kwa baba yake. Kuchuma chai si aibu, lakini Sheila alikuwa na diploma, na mama yake alikuwa amelitangazia kanisa zima.

Ili dalili zionekane, alitega mitego. Wenye kazi hiyo huiita triga. Wewe ifikirie kama mtego wa panya uliofichwa ndani ya ukurasa. Mtu akibofya, mtego unafyatuka na kuandika: kuna aliyebofya, yuko mahali fulani. Mtegaji huchagua panya wake. Anaweza kuuambia ufyatuke pale tu mtu anapobofya kitufe cha AGIZA, au ufyatuke kwa mbofyo wowote, popote. Siku ile ya kutega, umeme ulikuwa unapotea na kurudi, na Sheila akachagua "wowote" akijiambia atarekebisha kesho. Kesho hiyo sasa ilikuwa na umri wa miezi miwili.

Jumatano asubuhi mitego ikaleta mawindo. Ukurasa wa tangi la maji la lita elfu tano ulikuwa na mibofyo mia nne na kumi na mbili, karibu yote kutoka Magwagwa. Subhash alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Magwagwa yote hawana maji?"

"Kunanyesha kila siku, bosi."

"Basi wanataka kuiweka hiyo mvua. Mimi naagiza lori mbili za tenki. Na wewe Ijumaa nakuandika kazi ya kudumu."

Sheila alifurahi mpaka saa nne, wakati wa chai, ndipo akili ikamrudia. Watu mia nne wanataka tangi, na simu ya duka haijalia hata mara moja? Akafungua ukurasa katika hali ya majaribio na kubofya picha ya tangi. Mtego ukafyatuka. Akabofya mawingu yaliyo juu ya tangi. Ukafyatuka. Akabofya mgomba uliojisimamia pembeni bila kumkosea mtu. Ukafyatuka. Kitufe cha AGIZA kilikuwa hakijaguswa na kiumbe yeyote tangu kizaliwe.

Simu yake ikalia. Alikuwa baba yake, mzee Nyangau, akisema Ekegusii, lugha ya kwao, kama mtu mwenye haraka.

"Sheila, toa hiyo picha."

"Picha gani, baba?"

"Ya tangi. Si ulipiga hapa nyumbani Januari? Itoe leo."

Ni kweli, alipiga picha tangi la kwao kwa kuwa halikuhitaji kuombewa ruhusa. Sasa akaikuza. Nyuma ya tangi ulionekana mstari wa mikonge, mpaka kati ya shamba la baba yake na la baba mdogo Okemwa. Pichani mikonge ilipita upande huu wa mparachichi, mti ukabaki kwa Okemwa. Sheila alipoenda nyumbani Pasaka aliikuta upande wa pili, na mparachichi umekuwa wao, akadhani ni macho yake. Okemwa alilalamika mpaka sauti ikamkauka, ila hakuwa na ushahidi. Sasa alikuwa ameipata picha na kuitia kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, na ukoo mzima, pamoja na mashangazi walioolewa Nyamarambe, ulikuwa unabofya ili ikue, uhesabu mikonge.

"Baba, kwani mikonge ilisogea?"

"Mvua ya Machi ilikuwa kubwa."

"Ikaihamisha yote, kwa mstari?"

Mzee akakata simu.

Sheila aliona haya, na baada ya haya akaingiwa na tamaa. Akinyamaza siku mbili tu, ameajiriwa. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na lori mbili za matangi hazifichiki uani. Akaurekebisha mtego usikilize kitufe cha AGIZA peke yake, akabofya mawingu, kimya, akabofya mgomba, kimya, kisha akaenda kwa Subhash, ambaye tayari alikuwa anatafuta namba ya kiwanda.

"Bosi, usipige. Nilitega vibaya. Wanaotaka tangi ni sifuri."

"Na hao mia nne?"

"Wanaangalia mpaka wa shamba. Baba yangu ameusogeza kwa baba mdogo Okemwa."

Subhash akaweka simu mezani. "Miaka thelathini hapa duka, watu wananiletea hesabu. Zote zinapanda. Yako pekee imeshuka."

Sheila akaanza kukunja waya wa chaja yake.

"Unaenda wapi? Leo Jumatano. Hao watu, wanagombana?"

"Vibaya sana."

"Basi toa tangazo la tenki. Picha iache. Chini yake weka seng'enge."

Sheila alisita, kwa maana baba ni baba. Lakini picha haikumsingizia mtu. Akaiacha, akaweka bei ya seng'enge chini yake, na kwa siku mbili baba yake hakupokea simu.

Ijumaa saa sita mchana AGIZA ikafyatuka kwa mara ya kwanza. Subhash akaja mbio, wote wawili wakitarajia jina la Okemwa. Bunda moja la seng'enge, misumari kilo mbili. Mteja: Nyangau, Magwagwa. Chini, mahali pa maelezo, mzee alikuwa ameandika kwa kidole kisichozoea simu:

"Msilete Sabato. Fundi afunge pale picha inaonyesha. Mparachichi ni wa Okemwa. Mwambieni Sheila apokee simu jioni, mama yake ameniamuru nimpigie."

Sheila akasoma mara mbili, akalia mbele ya bosi wake. Subhash alitazama kando, akauliza kama maparachichi ya huko ni makubwa, kisha akaenda kumwandikia barua ya kazi.