Kopo Lisilotobolewa

Ka-ka-ka-ka-ka-ka. Halafu mlio ukakatika, injini ikatulia na kuanza kunguruma kama ilivyozoea.

"Sekunde sita," sauti ya mama ikatoka dirishani. "Jana zilikuwa nne."

Cheche alikuwa ameketi nyuma ya usukani, mkono bado kwenye ufunguo, kibanda cha gari kimejaa giza la alfajiri. Alitamani kumwambia mama kwamba amehesabu vibaya, ila mama hakuwa mtu wa kuhesabu vibaya. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na tangu yaanze kuziba, masikio yalikuwa yamechukua kazi ya ziada. Gari hili alilijua kwa sauti. Kwa miaka ishirini na sita lilikuwa likimwamsha kila marehemu mumewe alipoondoka kwenda kazini.

"Injini ikilala baridi hulia kidogo, mama. Ni uzee."

"Hata mimi ni mzee. Siamki nikigonga meno."

Cheche alizima gari, akabaki amekaa. Leo ilikuwa Jumanne. Alhamisi alitakiwa kumpeleka mama hospitali ya macho, mwendo wa saa tano, nusu yake mlima mtupu usio na gereji wala duka. Mama alikuwa amesubiri zamu ya upasuaji miezi kumi na mmoja. Akiikosa, jina lake lingerudi mwisho wa orodha, na daktari alikuwa amesema waziwazi kwamba jicho la kushoto halina miezi mingine ya kusubiri. Basi lilikuwepo, lakini mama alishaapa kwamba hapandi kitu asichokijua sauti yake. Kwa hiyo ilikuwa gari hili au upofu, na gari lilikuwa limeanza kugonga.

Lilianza Jumapili. Na Jumamosi ndiyo siku lilipobadilishwa oili.

Hapo ndipo shaka ilipomkaa kooni Cheche kama mwiba wa samaki. Yeye alikuwa mchomeleaji wa madirisha na mageti, mwenye hasira za karibu. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu ya kazi yake, na ukaling'ang'ania kwa sababu ya tabia yake. Jumamosi alikwenda mwenyewe dukani, akachagua oili mwenyewe, akachagua filta mwenyewe, akampelekea shemeji yake, mume wa dada yake, mwenye gereji nyuma ya soko. Alitaka kusimama pale mpaka boneti ifungwe. Lakini mteja wa geti alipiga simu mara tatu, akaenda, na aliporudi, giza likiingia, kazi ilikuwa imeisha. Shemeji alimkabidhi ufunguo, akarudi kulala chini ya lori.

Hakumkabidhi kopo.

Marehemu baba alikuwa na utaratibu wake, na fundi yeyote aliyeligusa gari lake aliujua. Baada ya kubadili oili, fundi alirudisha kopo tupu na filta kuukuu mikononi mwa mwenye gari. Baba alikuwa akikaa kizingitini na msumari wa inchi nne na nyundo, akilitoboa kila kopo mara tatu: shingoni, ubavuni, kitakoni. Mjini walikuwepo watu wa kuokota makopo mazima, wakayajaza oili iliyokwisha kuungua ndani ya injini za wengine, wakabandika vifuniko upya na kuyarudisha sokoni yaking'aa. Kopo lililotoka kwake, baba alisema, halitamdanganya mtu. Msumari huo sasa ulikuwa kwenye droo ya gari, umefungwa kitambaa. Jumamosi haukutoka.

"Shemeji amenila," Cheche alijisemea, akafunga mlango wa gari kwa kishindo.

"Mlango haujakukosea," mama alisema dirishani.

*

Alianzia dukani. Muuza vipuri alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi, aliyekaa kati ya rafu kama mtu aliyezaliwa humo. Alimwona Cheche akiingia, akavua miwani kabisa.

"Umerudi, baba."

"Mama, ile oili uliyoniuzia ni halali?"

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo. Ni halali?"

"Marahaba. Jumamosi ulikaa hapa saa nzima. Ulinusa vifuniko kama paka mgeni. Ulilitikisa kopo sikioni. Ukachora alama kitakoni kwa ufunguo, mbele ya wateja wangu, kana kwamba mimi ni mwizi wa mbuzi. Leo unaniuliza mimi?"

Ilikuwa kweli. Alikuwa amelichagua kopo la rafu ya juu kabisa, lenye picha ya gari la mashindano, oili nyepesi kama maji ya kunywa, kwa sababu hakutaka mtu yeyote aseme kwamba gari la baba yake linanyweshwa vya rafu za chini.

"Injini inagonga asubuhi," alisema.

"Muulize aliyefunga."

"Ndiye ninayekwenda kumwuliza."

"Muulize vizuri," mama yule alisema, akirudisha miwani puani. "Alipita hapa Jumamosi hiyo hiyo, jioni."

"Alikuja kufanya nini?"

"Mimi nauza vipuri, baba. Habari za watu siuzi."

Cheche alitoka akiwa ameshahukumu. Njia nzima alilipanga kosa kichwani, likapangika vizuri mno: shemeji amelificha kopo zima, ametia oili ya kuokoteza, jioni amelirudisha kopo dukani, na yule mama wa miwani analijua jambo zima. Walikuwa wamekula njama juu ya macho ya mama yake.

Gerejini, miguu ya shemeji ilionekana chini ya lori lilelile la Jumamosi. Cheche hakuisalimu. Alipita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, palipokuwa na matairi yaliyolika, betri zilizokufa na rundo la magunia. Akainua gunia la kwanza, la pili. Chini ya la tatu lilikuwepo kopo lenye picha ya gari la mashindano. Alilipindua. Alama yake ilikuwa palepale. Akalitikisa: limejaa. Kifuniko hakikuwa kimeguswa.

Alitoka nalo akaliweka chini kwa nguvu, karibu na miguu ile.

"Toka, shemeji."

Shemeji alijisukuma nje taratibu, uso una masizi, akaliangalia kopo. Hakushtuka, na hilo lilimuudhi Cheche zaidi.

"Umelipata," alisema.

"Nimelipata. Uliweka nini kwenye gari la baba yangu?"

"Kaa kwanza."

"Sikai. Mama anapanda mlima keshokutwa kwa injini uliyoinywesha sijui nini, na wewe unaniambia nikae."

Mafundi wawili wa upande wa pili wakapunguza kugonga ili wasikie vizuri. Shemeji aliwatazama, akashusha pumzi, akajifuta mikono kwa tambara. Aliingia chumbani mwenyewe, akatoka na kopo jingine, la kawaida, lisilo na picha yoyote. Akalitupa miguuni pa Cheche. Lilikuwa na matundu matatu: shingoni, ubavuni, kitakoni.

"Nzito. Ileile aliyokuwa akitumia marehemu miaka yote," shemeji alisema. "Niliinunua mwenyewe jioni ile. Hiyo yako ni ya magari yaliyotoka kiwandani jana. Injini ya mzee imelegea, ina nafasi kila mahali. Ukiitia hiyo itavujia kila upenyo, na ukifika nusu ya mlima taa nyekundu ya oili imewaka. Nikalitoboa kopo kama mzee alivyotaka. Lako nimelihifadhi, halijafunguliwa. Ulirudishe dukani."

Cheche aliliokota lile kopo lililotobolewa. Matundu yalikuwa safi, yamepigwa na mtu aliyewahi kumwona baba akifanya. Aliingiza kidole kwenye tundu la ubavuni, akapaka kilichobaki kati ya kidole gumba na cha shahada. Kilikuwa kizito kweli. Lakini moyo wake haukuwa tayari kushuka.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe?" Shemeji alicheka bila furaha. "Mwaka jana nilikuambia plagi ulizonunua si za gari hili. Ulinitangazia gereji nzima kwamba nakula kwenye vipuri vya marehemu. Dada yako hakusema nami siku mbili. Safari hii mama mkwe aliniomba nisigombane nawe kabla ya Alhamisi. Nikaona nifanye kimya kimya."

"Kimya kimya ndiko wezi wanakofanyia kazi."

"Na makelele ndiko wajinga wanakofanyia yao."

Mmoja wa mafundi akakohoa kuficha kicheko. Cheche alimkata jicho. Kisha akamgeukia shemeji, na sasa shaka ilikuwa imebadili njia tu, haijafa.

"Sawa. Kama oili ni nzuri, mbona linagonga?"

Kwa mara ya kwanza uso wa shemeji ulibadilika. "Linagonga?"

"Tangu Jumapili. Asubuhi tu. Leo sekunde sita. Mama amehesabu."

"Likishapata moto?"

"Kimya."

Shemeji alikuna kidevu, akaacha alama nyeusi. "Oili niliibadili. Filta nilifunga ile uliyoleta. Nilijisemea, moja nimekunyang'anya, moja nikuachie."

Walitazamana. Cheche akageuka kwenda kulifuata gari.

*

Gari lililetwa, likapandishwa. Shemeji aliifungua ile filta mpya, na Cheche akaikata shingoni kwa msumeno wa chuma, kwa uangalifu wa mtu ambaye chuma ndicho mkate wake. Kisha shemeji akaleta ile kuukuu, ya mwisho kununuliwa na marehemu, aliyokuwa ameiweka kwenye mfuko pamoja na kopo. Nayo ikakatwa. Wakaziweka ubao mmoja, kama samaki wawili waliopasuliwa.

Ya marehemu ilikuwa ndogo. Ndani yake, nyuma ya matundu ya kuingilia oili, kulikuwa na kipete cha mpira laini. Ukikisukuma kwa kidole kinafunguka, ukiachia kinajifunga. Ile mpya ilikuwa kubwa, nzito, imepakwa rangi inayong'aa. Ndani, mahali pa mpira, hapakuwa na kitu.

"Tazama hapa," shemeji alisema, sasa kwa sauti ya chini, akionyesha ubavu wa injini. "Kwenye gari hili filta inalala. Huo mpira ndio mlango. Ukizima gari, unazuia oili isirudi chini. Bila huo, usiku kucha oili inashuka yote, na asubuhi ukiwasha, chuma kinagongana na chuma mpaka filta ijae tena. Ndizo hizo sekunde zako sita."

"Lingefika?"

"Lingefika, lisingefika, sijui. Mimi nisingempandisha mama mkwe humo."

Akili ya Cheche ilikuwa imerudi Jumamosi, kwenye meza ya duka. Yule mama alikuwa ameweka filta mbili mbele yake. Alikuwa ameanza kusema, "Hii kubwa inaingia, baba, uzi wa kukazia ni uleule, lakini hii ni ya injini ambayo filta ina—" na yeye alikuwa ameinua mkono. "Mama, nayajua magari tangu nizaliwe." Akaisukuma ndogo pembeni kwa sababu ilikuwa ndogo. Aliwachunguza watu wote duniani, akasahau kuuchunguza mkono wake mwenyewe uliokuwa ukichagua.

"Twende dukani," alisema hatimaye.

"Wawili?"

"Wawili. Nataka uone nikichagua."

"Mimi nataka nione ukinyamaza," shemeji alisema, akatangulia kutoka.

Dukani Cheche hakunyamaza sana, ila aliweka lile kopo la gari la mashindano juu ya meza, akasema, "Mama, Jumamosi hukumaliza. Filta ina nini?"

Muuza vipuri alimtazama juu ya miwani kwa muda mrefu, kama mtu anayepima kama mbwa ameshaacha kuuma. "Inasimama wima," alisema. "Nilitaka kusema hivyo tu. Maneno mawili."

Alitoa filta ndogo sita. Cheche aliingiza kidole kwenye kila moja kusukuma mpira.

"Unakagua meno ya ng'ombe," mama yule alisema.

"Huyu akiacha kushuku atakufa," shemeji alimjibu. "Mwache. Angalau leo anashuku vitu."

Ya nne mpira wake ulikuwa mgumu, umekaa rafuni miaka. Cheche aliiweka pembeni. Muuza vipuri aliichukua, akaigusa mwenyewe, akakunja uso na kuitupa kwenye ndoo ya taka. Cheche alichagua ya tano.

*

Alhamisi alfajiri Cheche aliingia kibandani peke yake. Aliketi, akashika ufunguo. Akauzungusha.

Akasubiri.

"Hujawasha tu?" mama aliuliza dirishani. "Tutachelewa."

"Nimewasha, mama."

Kisha mlango wa nyumba ukafunguka, na mama akatoka na fimbo yake na mfuko wa nguo, akipapasa ukuta. Hakuamini. Alikuja mpaka mbele ya gari, akaweka kiganja juu ya boneti, akausikia mtetemeko. Akakiacha hapo kwa muda.

"Mkwe wangu aliharibu nini?"

Swali lilikuwa limewekwa vizuri. Lilikuwa na mlango wazi kabisa wa kupitia. Cheche alitazama kiti cha nyuma. Filta mbili zilizokatwa zilikuwa pale, na kopo lenye matundu matatu, na msumari wa baba juu yake.

"Hakuharibu. Mimi ndiye niliyenunua filta isiyo ya gari hili. Mama wa duka aliniambia, sikumwacha amalize. Shemeji naye aliogopa kuniambia."

"Anakuogopa?"

"Anaogopa mdomo wangu."

Mama alisogea taratibu ubavuni mwa gari mpaka mlango wa abiria, akaingia, akajifunga mkanda kwa kupapasa. Alikaa sikio limeinama upande wa injini, kana kwamba bado anaingoja imdanganye. Haikumdanganya.

"Basi niambie utafanyaje," alisema. "Sema kwa sauti. Ya moyoni siwezi kuihesabu."

Cheche alitia gia, akaachia breki. Akasema, kwa sauti ambayo hata jirani angeisikia: "Nakuahidi, mama. Oili ijayo nitakwenda na shemeji, nitasimama mbele ya yule mama wa miwani, na wote wawili nitawaacha wamalize kusema kabla sijafungua mdomo."